Ndoto Ambayo Sikuiota

"Mama, bado hujaota?"

Binti yangu Kadzo aliniuliza hivyo wiki iliyopita, tukiwa jikoni kwangu hapa Garsen tukichambua mchicha. Ana mimba ya miezi minane, ya kwanza baada ya miaka sita ya ndoa, na amekuja kutoka Bura ili ajifungulie karibu nami. Nilijifanya sikusikia. Akarudia, akicheka. Alitaka kujua kama kuna mzee yeyote aliyenijia usingizini kuliomba jina la mtoto, maana katika ukoo wetu hadithi ya jina lake mwenyewe inajulikana na kila mtu: kwamba nilipokuwa na mimba yake, nyanya yangu aliyekufa zamani alinitokea ndotoni akataka mtoto aitwe kwa jina lake. Hadithi hiyo imesimuliwa harusini na matangani. Mchungaji mmoja aliwahi kuitia kwenye mahubiri, akatafuta na aya ya kuiunga mkono, nami nimekaa benchi la mbele nikitikisa kichwa kama mtu aliyebarikiwa. Sikuota kitu. Nimeolewa, nimezaa watatu, nimefiwa na mume, na katika miaka hiyo yote sijamwambia mtu kwamba sikuota kitu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, mke wa Buya, mkulima wa Kipokomo pale kijijini Wema. Mimi ni Mgiriama, mtoto wa watu waliohamia delta ya mto kutoka kusini. Kipokomo nilikisikia nusu, Kigiriama wao hawakukijua kabisa, kwa hiyo nyumbani tulikutana kwenye Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa upande wake. Tuliishi na mama yake Buya, aliyeitwa Habona, mjane aliyezaa watoto watano akabaki na Buya peke yake. Nyumba ilikuwa ya fito na udongo. Chumba chetu kilipakana na jiko, na ukuta wa katikati haukufika juu, uliishia kwenye kimo cha mtu mrefu, hivyo moshi na maneno vilipita bila kizuizi. Nilijua mama mkwe anapika nini kabla sijaamka, nami nina hakika alijua nimeamka kabla sijaamua kutoka.

Kwao, kama kwetu, jina la mtoto wa kwanza halijadiliwi. Ni la upande wa baba: akiwa mvulana humrithi babu, akiwa msichana humrithi nyanya. Nyanya aliyerithiwa jina hupata somo wake, mtu wa kutaniana naye, wa kumgawia kipande cha samaki kilicho kizuri, na siku akiondoka, jina lake hubaki likiitwa uani. Habona alikuwa na nafasi moja tu, kwa sababu alikuwa na mtoto mmoja tu. Mimba yangu ilipoanza kuonekana, alianza kuisalimia. Akipita na ndoo ya maji alfajiri atasimama mlangoni, ainame kidogo kuelekea tumboni mwangu, na kusema, "Habona, umeamkaje?" Kisha hujijibu mwenyewe, "Salama tu," halafu anaenda zake. Leo nikilikumbuka jambo hilo nacheka, na kicheko kinanikwama. Wakati ule lilinichoma. Mgongo uliniuma, miguu ilivimba, na hakuna aliyeuliza mimi nimeamkaje.

Alasiri moja nilikuwa nimelala upande, kwa sababu ndiko tumbo lilikoniruhusu. Jikoni Habona alikuwa akipepeta mpunga na Mama Esta, jirani yetu, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji. Nilisikia ungo ukitikiswa na maganda yakipulizwa. Mama Esta akauliza, "Na huyu mke wa Buya, mwaendana?"

"Mtoto wa watu huyo," akasema Habona. "Mzito kidogo kuamka. Na ugali wake una madonge, waweza kuwapigia nyani shambani."

Wakacheka. Mama Esta akasema, "Muonee huruma, ana mzigo."

"Namwonea. Lakini mzigo wenyewe si wake, mwenzangu. Tumbo ni lake, mtoto ni wangu."

Wakacheka tena, na ungo ukaendelea. Leo hii nimekaa na wanawake wenzangu nikasema maneno makali kuliko hayo juu ya mke wa mwanangu, ambaye ni msichana mwema, na sikumaanisha hata nusu yake. Ni maneno ya wanawake wakubwa wakiwa na kazi mikononi. Lakini mtu wa miaka kumi na tisa hajui hivyo. Nililala pale nikiutazama ukuta, machozi yakiingia sikioni, nikajiona mimi ni kibuyu tu, cha kubebea maji ya mwingine. Nikaapa kwamba jina hilo mtoto hatalipata.

Asubuhi yake nilikwenda jikoni kabla sijaitwa. Alikuwa akikoroga uji. Nikakaa kwenye kibao, nikashika tumbo, nikasema, "Mama, usiku nimeota." Kisha nikamwambia kwamba nyanya yangu mzaa baba, Kadzo, amenijia. Nilieleza vizuri, Mungu anisamehe. Nikasema alikuja na miguu mibichi kama mtu aliyevuka mto, akaketi mwisho wa kitanda, akaomba maji, akanywa, akanigusa hapa. Akasema amechoka kukaa nje. Akasema anayekuja ni msichana na ni yeye, basi aitwe. Kwetu Wagiriama wazee waliotangulia tunawaita koma, na koma akija kudai jina, hapingwi. Hilo ni kweli, na ndilo lililonifaa. Mengine yote niliyatunga pale pale, mvuke wa uji ukinipiga usoni. Huyo nyanya Kadzo mwenyewe alikufa nikiwa mdogo mno. Nakumbuka kikohozi chake na vidole vilivyopenda kufinya. Tena jina lake lilikuwa limekwisha kurithiwa na binamu zangu wanne. Halikuwa na njaa hata kidogo.

Nilitegemea vita. Habona alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji, mshika ufunguo wa sanduku la akina mama. Nilidhani ataniambia niache ushenzi, nami nitapandisha sauti, Buya ataingia kati, na mwishowe kila mtu atajua kwamba na mimi ni mtu nyumbani mle. Hakusema hivyo. Aliutoa mwiko, akauweka juu ya sufuria, akaniuliza polepole, kama anayeuliza njia katika mji wa wenyewe: "Kwenu, mkubwa akija hivyo, halafu akataliwe, huwa nini?"

Hapo ningeweza kusimama. Swali lake lilikuwa mlango. Nilijua watoto wake wanne wamelazwa wapi, Buya alikuwa amenionyesha. Nilijua wawili kati yao walikufa wangali wachanga. Nikasema, "Mtoto hulia tu. Hukataa ziwa."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala yoyote. Niliyasema nikijua. Mtu akiniambia nilikuwa mtoto, nilikuwa na hasira, najibu kwamba hasira haikunichagulia maneno, niliyachagua mimi. Habona aliutazama moto kwa kitambo. Uji ukaanza kushika chini, nasi sote wawili tukausikia na hakuna aliyeinuka. Kisha akasema, "Basi hapana. Mtoto ashike ziwa. Kila watu na wazee wao, na ukioa kwa watu umeoa na wazee wao. Mimi nitangoja wa pili."

Buya aliniuliza mara moja tu. Alikuwa amekaa kizingitini akishona wavu, hakuinua uso. "Ni kweli, Sidi, ile ndoto?"

"Kwani nitamsingizia maiti?" nikamjibu, kwa ukali ambao mtu mkweli hauhitaji. Alirudi kwenye wavu wake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuona haya kwa niaba ya wengine, na hakuuliza tena mpaka tukamzika.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, ilikuwa na mizunguko na kila mzunguko ulidai uongo mwingine. Tangu siku ile Habona aliacha kulisalimia tumbo kwa jina lake. Sasa alisimama mlangoni na ndoo yake, akainama zaidi kuliko zamani, akasema, "Shikamoo, Kadzo." Alisema shikamoo kwa sababu aliyemo, kwa hesabu yake, alikuwa mkubwa kwake, mkwe mwenzake aliyetangulia, mgeni wa heshima. Akanijia pia na maswali. Mkubwa amerudi? Amesema kitu? Hakasiriki? Mimi niliyetaka kuonekana mtu nyumbani mle nikawa sionekani zaidi, kwa kuwa sasa nilikuwa nimembeba nyanya mzima. Siku moja, nikiwa na hamu ya chakula iliyonitoa akili, aliniuliza kama mkubwa ametaja anachotaka kula. Nikasema ametaja wali wa nazi.

Mto ulikuwa umefurika mara ya pili mwaka ule. Shamba la mpunga lilikuwa chini ya maji, migomba imelala, nasi tulikuwa tukila kambare na embe mbichi, na uji siku unga ulipopatikana. Minazi Wema hakuna. Habona aliufunga mchele wa akiba kwenye kitambaa ili usiguswe, akapanda mtumbwi wa mtu hadi pale barabara ilipoinuka kidogo, akatembea ndani ya maji mpaka Garsen sokoni. Alirudi jioni, leso imemganda hadi kiunoni, mkononi ana nazi mbili. Hakukaa. Alikuna, akakamua, akapika, akaniwekea sahani, akasimama pembeni kunitazama nikila. "Amependa?" akauliza. Nikasema amependa. Yeye na Buya walikula embe. Nilipolamba vidole ndipo hasira yangu ilipokwisha. Iliisha yote, siku ile, juu ya mkeka ule. Kilichobaki kikawa woga tu wa kuitwa mwongo, na ni kwa woga huo, si kwa chuki, kwamba niliendelea. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilifanya vyote viwili, nikaficha na nikazaa.

Uchungu ulinianza asubuhi, na kwa kuwa barabara ya hospitali ilikuwa haipitiki, aliitwa Mama Esta. Kadzo alizaliwa baada ya saa tisa, jua likiingia kwa dirisha la mbao. Habona ndiye aliyempokea, akamfuta uso, akamgeuza kwenye mwanga. Nilimwona midomo ikicheza bila sauti. Najua alikuwa akilitaja jina gani, ningelitaja hata mimi. Mama Esta akanawa mikono, akauliza, kwa kuwa ndivyo huulizwa, "Haya, anaitwa nani huyu?"

Wote wawili wakanitazama. Habona hakuniomba kwa macho, nisimsingizie. Alikuwa amekwisha kukubali. Alikuwa anangoja tu niseme, kama mtu aliyekuja kuaga na ameshikilia mlango. Nilikuwa na nafasi ya neno moja. Ningesema "Habona," wangenishangaa, wangeuliza, ningelia, na wangesamehe, kwa maana nani humkasirikia mzazi kitandani? Niliwaza yote hayo. Kisha nikawaza Mama Esta atakavyoyatoa nje maneno, na watu wa Wema watakavyosema Mgiriama wa Buya humchezea mkwewe kwa koma wa uongo.

"Kadzo," nikasema.

"Karibu, Kadzo," akasema Habona. "Karibu kwetu, mama." Akafungua sanduku lake, akatoa leso mpya aliyokuwa amemwekea somo wake, akamfunga nayo mtoto mwingine. Na mtoto alipokamata ziwa mara ya kwanza tu, bila taabu, Habona alishusha pumzi, akaniambia, "Umeona? Ameridhika." Alifurahi kweli. Ni furaha hiyo ambayo sijaweza kuitua mpaka leo.

Wa pili alikuwa mvulana. Akapewa jina la babake Buya, na Habona akapiga vigelegele vyote vinavyostahili. Wa tatu mvulana. Kisha tumbo langu likafunga. Hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Alimlea Kadzo kwa heshima iliyowachekesha watu: alimnawisha mikono kabla ya kunawa yeye, hakumchapa wala kumkaripia, na alipokosea alimwambia, "Mkubwa, hivyo sivyo." Kadzo alikuwa na miaka minane Habona alipougua. Mwishoni tulimlaza katika chumba kile kile cha karibu na jiko, nami nilikaa naye nikimlowesha midomo. Niliazimia kusema. Nikafika mpaka "Mama, kuna jambo," lakini yeye akanitangulia. "Sidi, yule nyanya yako akikujia tena, mwambie niliwatunza wake. Mwambie nilimpisha. Sasa aninenee na mimi huko, nipate pa kukaa."

Nikasema, "Nitamwambia, mama."

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu wiki iliyopita, mchicha mkononi, na Kadzo mbele yangu na tumbo lake. "Unajua natamani nani aje?" akasema. "Nyanya Habona. Najua zamu ni ya mama mkwe wangu, Mama Tabitha, naye tayari huniuliza kwa simu mtoto anachezaje. Lakini mimi nataka Habona. Nyanya aje hata mara moja tu, mama. Ukiota, Mama Tabitha atakubali. Si hata nyanya alikubali?"

Sitadanganya tena, angalau hapa: ulimi ulikuwa tayari. Ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha. Ningesema nimemwona, alfajiri, na ndoo yake, akiinama mlangoni. Kila mtu angeamini. Jina la Habona lingeitwa tena uani, deni langu kwa maiti lingekwisha, na Kadzo angefurahi. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Kisha nikamwona yule mwanamke wa Bura ambaye nimekutana naye mara mbili tatu, mjane naye, mwenye mwana mmoja, anayelima kwenye mifereji na mgongo uliopinda, anayeuliza kwa simu mtoto anachezaje. Ningemfanyia yeye kile kile. Nikagundua kwamba nimezeeka bila kubadilika, kwamba kwa miaka yote hii nimejuta sana lakini nilikuwa sijaacha.

"Sikuota," nikamwambia. "Sijaota sasa, na wakati ule pia sikuota."

Alidhani natania. Nikamwambia yote, ungo, uji, ziwa, nazi, leso, mpaka maneno ya kitandani. Nililia, lakini kilio hicho hakikunipunguzia kitu, na Kadzo hakunibembeleza, wala sikustahili. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nyanya alikufa akijua?"

"Alikufa akiamini."

"Na baba?"

"Hata baba."

Akaweka mikono juu ya tumbo. Kuku aliingia mpaka kwenye mchicha na hakuna aliyemfukuza. Nikaharakisha kusema kwamba akipata msichana wa pili, ile zamu yangu ya jina, mimi mama mzazi, siitaki, ampe Habona. Kadzo akainua uso. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtoto wangu. "Mama," akasema, "usipange tena jina la mtu ambaye hajazaliwa."

Akachukua simu, akabonyeza, akaiweka juu ya meza katikati yetu, sauti ikiwa wazi. Iliita kitambo. Nikasikia upepo wa shambani, na mashine ya maji kwa mbali.

"Mama, shikamoo. Ni Kadzo. Hapana, sijambo, sijaanza uchungu. Nimepiga juu ya jina tu. Hapa hapana ndoto wala nini. Akiwa msichana, ni Tabitha."

Nikadhani mtandao umepotea.

"Jina langu mimi?" ikauliza sauti ya yule mama.

"Lako."

Kwanza alicheka. Kisha kicheko kikavunjika, akawa analia na kucheka pamoja, akimwita jirani ng'ambo ya mfereji, "Njoo! Njoo usikie! Wamenipa jina!" Jirani akajibu kitu, majembe yakatupwa, na kigelegele kikapanda kutoka Bura, kikashikwa na mwanamke mwingine, na mwingine, mpaka simu ikakwaruza juu ya meza. Nilinyoosha mkono niizime. Kadzo akaushika mkono wangu akaurudisha mapajani mwangu, akanitazama, akaniacha nisikie yote.